Shemeji, kabla hujaipanda hiyo GS ya Arusha

Shemeji,

Dada kanipigia simu akilalamika kana kwamba mimi ndiye niliyekutia homa ya pikipiki kubwa. Picha nimeziona: BMW R1200GS ya 2008, masanduku ya alumini pembeni, stika za nchi zote alizopita, na mwenyewe Mjerumani anayetaka kupanda ndege wiki ijayo. Bei ni nzuri, sikatai. Ila naandika hapa hadharani kwa sababu hauko peke yako, wapo wengi wanaouziwa mbuzi kwenye gunia kwa bei nzuri kama hiyo.

Anza na makaratasi, hata kabla ya kuiona. Wasafiri wa aina yake wengi huingia na chombo kwa hati ya forodha iitwayo Carnet. Maana yake ushuru haujalipwa, na mwenye chombo ameahidi kukitoa tena nchini. Akuandikie mkataba kwa wakili, mgonge mihuri mtakayo, kwa TRA, yaani mamlaka ya mapato, bado hiyo ni pikipiki ya mpita njia. Nenda forodha na namba ya chasisi, ulizia ushuru wake, jumlisha na bei anayotaka, halafu ndipo uniambie kama bado ni rahisi. Na hiyo namba isome mwenyewe kwenye fremu, usiinakili kutoka kwenye karatasi lake.

Kilomita 90,000 ilizokwisha kutembea zisikutishe. Injini hiyo ya mitungi miwili iliyotoka ubavuni, ikibadilishiwa oili kwa wakati, inakwenda mbali zaidi ya hapo. Mimi ningeiogopa zaidi iliyotembea kilomita 10,000 tu kisha ikalala gereji miaka mitano, sili zimekauka na mafuta yameganda ndani ya tangi. Afadhali pia ni ya 2008, kwa sababu zile za mwanzo, za 2004 hadi 2006, nyingi zina breki zinazosaidiwa na mota ya umeme. Mfumo ule ukifa, bei ya kuutengeneza itakukosesha usingizi.

Sasa njoo nyuma, na hapo usiwe na haraka. GS haina cheni. Nguvu hupita kwenye shafti hadi kwenye difu ndogo iliyo upande wa kulia wa tairi. Ipandishe kwenye stendi ya kati, chuchumaa, shika tairi mkono mmoja juu na mwingine chini, kisha sukuma huku unavuta. Ikigonga, au ukiona kwa macho tairi linacheza, beringi ya difu inaaga. Pitisha kitambaa cheupe kati ya difu na rimu; kikitoka na oili, sili imechoka. Halafu mwombe fundi afungue tairi la nyuma, ni boliti tano tu. Tairi hilo hufungwa kwenye flanji, yaani kile kisahani cha katikati chenye matundu ya boliti, na flanji za alumini za matoleo hayo zilikuwa zinapasuka kwenye matundu ya boliti, hata BMW wakaziita pikipiki hizo zirudishwe kwao mwaka 2015 ili wazibadilishie za chuma. Muulize Mjerumani kama yake ilibadilishwa, na akujibu kwa risiti. Mkiwa hapohapo, mwageni oili ya difu. Ungaunga wa chuma si wa kushtusha sana, ila mkiona vipande, mrudishie ufunguo wake.

Anajisifu amepita Ziwa Turkana. Vizuri, lakini masanduku yale yakijaa hapo nyuma, kila jiwe la Turkana linaipiga fremu ndogo iliyo chini ya kiti. Ng'oa kiti, washa tochi, fuata kila mahali palipochomelewa. Rangi iliyobanduka kwa mstari mwembamba ni ufa. Na ukikuta pamechomelewa upya, usiikatae papo hapo. Tazama kama kazi ni ya fundi au ya dharura ya njiani.

Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini, ukiikuta ya moto, ondoka ukanywe chai, urudi baadaye. Ikiwaka ikiwa baridi bila kubembelezwa, iendeshe, weka gia ya nne, mwendo wa wastani, kisha fungua mafuta yote ghafla. Injini ikipiga kelele na mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Klachi hiyo ni kavu, na kuifikia ni lazima pikipiki igawanywe nusu kwa nusu. Kwa hiyo kuna fundi wa kulipwa siku nzima kabla hata ya kununua kifaa chenyewe.

Tairi zina namba nne za tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Diski za breki zimeandikwa unene wa chini unaoruhusiwa, na kipimo cha fundi ndicho kitakachosema, si jicho. Geji ya mafuta ikidanganya, hilo ni gonjwa maarufu la GS, tumia kupunguzia bei. Funguo ziwe mbili, zote mbili ziiwashe.

Usikubali akupige bei ya stika na masanduku. Na tafadhali, mpigie dada kabla hujatoa pesa, maana mimi simu zake sipokei tena wiki hii.