Masharti yalegezwe, lakini daftari la abiria lisifungwe

Ndugu Mhariri,

Tangu tarehe 15 Agosti 2020 tumeruhusiwa tena kutoka jimbo moja kwenda jingine, na sisi wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tumerudi kuvuka Ziwa Kivu kwa boti kwenda Goma. Nashukuru. Muuza vitenge kama mimi hawezi kuishi kwa kuiangalia Goma kwenye simu. Ila kuna jambo ninaloliona bandarini kila ninaposafiri, na kwa kuwa sioni mtu mwingine akilisema, nalisema mimi. Katika haraka ya kuondoa masharti ya korona yaliyotuchosha, tunaondoa pia sharti moja ambalo Ziwa Kivu lilikuwa likilihitaji hata kabla ugonjwa huu haujajulikana. Nalo ni orodha ya abiria.

Wasomaji wasiosafiri huku wajue tulikotoka. Rais alipotangaza hali ya dharura mwezi Machi 2020, Kinshasa ilitengwa na majimbo na mipaka ikafungwa, isipokuwa kwa mizigo. Muda si mrefu safari za abiria kati ya Bukavu na Goma nazo zikakatwa. Boti zikawa zinabeba maharagwe, saruji na bia, watu hapana. Aliyefiwa Goma alilia akiwa Bukavu. Aliyekwama kwa ndugu zake alikaa mpaka wenyeji wakaanza kuhesabu vikombe vya unga. Na boti ziliporudi kubeba abiria, zilirudi na masharti: barakoa, kunawa mikono kwenye ndoo, kupimwa joto kwenye paji la uso, kiti kimoja wazi kati ya abiria na abiria, na kila mtu kuandikwa jina, namba ya simu na mahali anapoenda kufikia.

Kuandikwa huko kulitukera, sikatai. Kijana alikaa kwenye meza ndogo na daftari la shule, kalamu imefungwa kwa uzi ili isitembee. Mbele yangu baba mmoja alitaja namba ya simu yenye tarakimu pungufu, kijana akamwambia airudie, baba akaongeza tarakimu moja tu iliyomjia kichwani. Mama mwingine akasema, "Andika Mama Furaha, inatosha." Kijana akakataa, akataka jina la kwenye kadi ya mpiga kura. Foleni ikasimama, watu wakanung'unika, mizigo ikakanyagwa. Lakini boti ilipong'oa nanga, bandari ilijua ni watu wangapi wamo ndani yake na ni akina nani. Kwa miaka yote niliyovuka ziwa hili sikuwahi kuliona hilo likifanyika kwa kila abiria, hadi huyu wa mwisho anayeruka na kuku mkononi.

Safari iliyopita nilikuta meza ipo, daftari lipo, kijana hayupo. Nikauliza niandikwe wapi. Mpakiaji akacheka: "Mama, pita tu, kuandikwa kuliisha na korona."

Korona haijaisha, lakini tuseme imeisha. Je, ajali za ziwani nazo zimeisha? Tarehe 15 Aprili 2019 boti iliyotoka upande wa Goma kuelekea Kalehe, kwetu Kivu ya Kusini, ilizama. Rais Tshisekedi mwenyewe alitaja hesabu ya muda ya watu 150 waliopotea. Mniruhusu nikae kwenye hilo neno "hesabu ya muda", kwa sababu familia nyingi bado zinaishi ndani yake. Maiti zilizotolewa majini zilikuwa chache mno kulinganisha na waliokuwa wakitafutwa, na idadi ya waliopotea ilijulikana kwa jamaa kwenda kuulizia watu wao. Je, yule asiyekuwa na jamaa wa kumuulizia? Mchuuzi aliyetoka kijiji cha mbali, akapanda jioni bila kumuaga mtu, alihesabiwa na nani? Baada ya msiba ule tuliambiwa jaketi za kuokolea ni lazima kwa kila abiria. Jaketi zimekuja kweli kwenye boti kubwa, ila mara nyingi nazikuta zimefungwa kamba kama mtumba wa soko la Kadutu, chini ya magunia. Hiyo ni barua nyingine.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mwaka 2020 ziwa lilielemewa kuliko zamani. Kabla ya korona, wengi wetu tulikuwa tukienda Goma kwa kupitia Rwanda: unavuka mto Ruzizi asubuhi, unakamata basi kwenye lami, jioni uko Gisenyi, jirani na Goma. Mwezi Agosti 2020 njia hiyo ya Rwanda ilikuwa bado haijafunguliwa kwa msafiri wa kawaida. Ikabaki barabara yetu ya Kalehe, Nyabibwe, Minova na Sake, kilomita zipatazo 200 ambazo lori moja likinasa kwenye tope linalaza abiria wa magari yote yaliyo nyuma yake. Kwa hiyo aliyekuwa wa Rwanda na aliyekuwa wa barabara wote walishuka bandarini. Na mvua huanza Septemba. Anayelijua ziwa hili anajua upepo wake wa usiku, hasa kule kwenye uwazi mbali na kisiwa cha Idjwi.

Tena kuna suala la nauli, na hapa wenye boti wanisikilize vizuri. Mlipoambiwa mjaze nusu ya viti, mlipandisha nauli, tukaelewa. Mafuta ni yaleyale hata abiria wakipungua. Sasa viti vimejaa, na ngazi imejaa, na juu ya mizigo wamekaa watu, lakini nauli ni ileile ya nusu. Tunalipia kiti kitupu huku mtu ameketi juu yake! Basi chagueni: mrudishe nauli ya zamani, au mtupe nafasi tunayoilipia. Mimi ningechagua nafasi. Vyovyote vile, hela ya kumlipa kijana mmoja wa kuandika majina haikosekani ndani ya nauli hiyo.

Najua yatakayosemwa. Kwamba orodha inachelewesha safari. Inachelewesha, ndiyo, lakini si zaidi ya mabishano ya mizigo ambayo hakuna anayeyapiga marufuku. Kwamba watu watataja majina ya uongo wakiogopa kodi au askari. Wapo watakaofanya hivyo, ila hata idadi kamili bila majina ni afadhali kuliko tulichonacho. Hoja ngumu zaidi ni ya boti za mbao, zinazotoka kwenye fukwe ndogo usiku kwenda kwenye masoko ya Kalehe na Idjwi. Hizo hazina ofisi wala meza, na waliomo ni wale wasioweza nauli ya boti ya mwendo kasi. Sheria ikiishia kwenye bandari kubwa tutakuwa tumewaandika wenye uwezo na kuwaacha wengine wafe bila kuhesabiwa. Lakini kila ufuko una mkubwa wake anayekusanya ushuru, na huyo hajawahi kushindwa kuhesabu watu inapofika wakati wa kulipwa. Aandike huyo. Nakala moja ibaki ufukoni, nyingine isafiri na nahodha, na idadi ipigwe kwa simu kule boti inakokwenda ili nao wahesabu wanaoshuka.

Wenzetu wa afya nao wana faida hapo. Mwezi Juni 2020 Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi alijiuzulu kwenye tume ya kupambana na korona hapa Kivu ya Kusini, na mojawapo ya malalamiko yake ilikuwa matokeo ya vipimo kuchukua zaidi ya wiki mbili kurudi kutoka Kinshasa. Ikiwa majibu yanakawia hivyo, mgonjwa aliyepanda boti Jumatatu atajulikana baada ya waliokaa naye kutawanyika Goma, Sake na Masisi. Bila namba zao za simu, watafutwe kwa kupiga yowe? Watu wa Goma, waliopata Ebola mwezi Julai 2019, hawahitaji kufundishwa umuhimu wa kujua nani alisafiri na nani.

Masharti mengine yaende zake, sitayalilia. Baa zilifunguliwa tarehe 22 Julai 2020, zikayatangulia makanisa kwa zaidi ya wiki tatu. Wachungaji na serikali watajuana. Wanafunzi wa darasa la sita na wa mwaka wa mwisho wa sekondari walirudi shuleni mwezi Agosti 2020, nami nina binti kati yao, na sitaki kusikia tena habari ya kufunga. Motari wamerudi kupakia watatu kwa pikipiki moja, wa nne akiwa mbuzi. Ndiyo maisha yetu.

Kwa magavana wa majimbo yetu mawili, Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini, ombi langu ni dogo: waamuru kwa pamoja kwamba boti isiyo na orodha haing'oi nanga, iwe Bukavu, Goma, Kituku au Idjwi, na ndani ya amri hiyo lisitajwe neno korona, ili ugonjwa ukiondoka amri isiondoke nao. Na kwako Mhariri, naomba umtume mwandishi mmoja bandarini jioni ya siku ya safari. Ahesabu kwa macho yake wanaoingia kwenye boti, kisha aende kwenye ile meza aombe kuonyeshwa majina.

Muuza vitenge,
Kadutu, Bukavu