Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu: masomo ya jumla msiyakate, yafundisheni

Mukubwa Waziri,

Salamu nyingi kutoka Lubumbashi, mvua imeanza na huku kwetu Katuba matope yako mpaka mlangoni. Mtanisamehe kuwaandikia kwa Kiswahili, najua karatasi za ministere zote zinaandikwa kwa Kifaransa, nami Kifaransa nakijua, nimekisomea tangu utoto, ila mkisoma mpaka mwisho mtaelewa juu ya nini leo nimekiacha pembeni.

Mi ni injenia wa migodi, nafanya kazi kwa mkataba wa miezi sita sita, hivyo si mtu mkubwa. Kilichonifanya nishike simu na kuandika ni mdogo wangu. Yuko mwaka wa kwanza, anasomea elektromekaniki, juzi amerudi nyumbani amenuna, akatupa silabusi tatu juu ya meza, vile vijitabu vya masomo tunavyouziwa chuoni, ya lojiki, ya somo la uraia na ya Kifaransa, akaniuliza mi mkubwa wake, "Yaya, hizi zinawasha mota gani?" Na wenzake wote wanasema hivyo hivyo, eti licence, digrii ya kwanza ya mfumo mpya wa LMD, ni kredi 180 kwa miaka 3, zinahesabika, kila kredi ya uraia ni kredi moja umenyang'anya mashine, basi waziri akate haya masomo ya jumla watu wasome kazi yao wamalize.

Nikacheka kidogo juu miaka ile nami nilisema maneno hayo hayo, neno kwa neno.

Enzi zetu ilikuwa bado mfumo wa zamani, graduat miaka 3, licence miaka 2, na mwaka wa kwanza tuliuita G1. Chuo sitakitaja, kiko hapa hapa mjini na wenyewe watajijua. Somo la uraia tulilifanya na fakilte nne pamoja, oditwari moja, sijui tulikuwa watu mia ngapi, waliochelewa wanasimama nje madirishani wanaandika juu ya migongo ya wenzao. Profesa alikuwa mgeni, anakuja siku nne, anamaliza saa zote za somo, anaondoka. Maikro betri imekufa siku ya pili. Mvua ikipiga bati husikii kitu, unamwona tu baba wa watu midomo inacheza. Mtihani ukatoka kwenye silabusi, dola 10, na asiyenunua jina lake halimo kwenye ile liste ya CP, kiongozi wa darasa letu, na mkono wa CP ndio uliojua nani atapata 12 juu ya 20 na nani atarudi sesio ya pili, kufanya mtihani tena. Nilipata 14. Nilikariri mpaka nukta na mkato. Infomatiki ndiyo usiseme, profesa alituchorea klavie ya kompyuta kwenye tablo kwa chaki, herufi moja moja, A, Z, E, R, T, Y, nasi tukanakili kwenye kaye kama ramani ya Afrika, mashine yenyewe niliigusa mara ya kwanza miaka miwili mbele, kwa rafiki.

Kwa hiyo vijana wakisema haya masomo ni bure, mi nawaelewa, walichopewa ni bure kweli.

Lakini sikieni yaliyonipata baadaye. Nimeshaanza kazi, kampuni (nayo sitaitaja) ikanituma na wakubwa wawili kwenye kijiji kimoja upande wa barabara ya Likasi, kuzungumza na wenyeji mambo ya kaye de sharje, ile karatasi ambayo kampuni inaahidi shule, visima, dispansari. Wakubwa wote wawili si watu wa huku, Kiswahili hawana, wakaniambia kijana eleza wewe, wewe ni mtoto wa nyumbani. Tuko chini ya mwembe, viti vya plastiki mbele kwa sisi, wazee kwenye mabenchi, mamama wamekaa chini kwenye mikeka na mabeseni yao pembeni. Nikasimama. Nikaanza kueleza kwamba sheria ya migodi iliyobadilishwa Machi 2018 inadai kampuni itoe angalau 0,3 kwa mia kwa ajili ya maendeleo ya watu wanaokaa karibu na mgodi. Sifuri nukta tatu kwa mia ya nini? Kwa Kifaransa neno linatoka lenyewe, shifre dafere, limekwisha. Kwa Kiswahili nikatafuta, nikatafuta, jasho likaanza, nikasema "ya faida".

Mama mmoja akanyoosha mkono, anauza nyanya na samaki wakavu, beseni lake lilikuwa hapo hapo miguuni. Akasema, "Mutoto wangu, unasema faida, ao unasema feza yote yenye kuingia? Miye nikiuzisha beseni, feza inaingia, lakini nikitosha ya transipori na ya kununulia, pengine faida haiko. Basi kama mwaka ile banasema habakupata faida, shiye tutapata nini?"

Mukubwa, nilitamani ardhi ipasuke. Mama ndiye alisema kweli. Sheria inasema mauzo yote, si faida, na mi injenia mwenye diplome nilikuwa nimewambia kijiji kizima uongo, tena uongo ambao ungefurahisha kampuni sana, na kama yule mama angenyamaza uongo wangu ungebaki pale kama kweli. Wakubwa wangu wanatabasamu tu, hawaelewi kitu. Nikajirekebisha, nikaomba radhi, mkutano ukaendelea, mzee mmoja akauliza tena ile redevanse ya mgodi, malipo ambayo kampuni inatoa kwa madini inayouza, inagawanywa namna gani. Hapo nilibahatika kwa vile nilikuwa nimesoma usiku uliotangulia, 50 kwa mia serikali kuu, 25 provense, 15 kwa ile entite ya chini mgodi uliko, sekta ao komine, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Hakuna mtu darasani aliyenifundisha hayo. Nilisoma migodi miaka mitano, katika mji uliojengwa na shaba, shimine, ule mnara wa moshi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, tunaiona kila asubuhi, na hesabu ya shaba inakokwenda nilijifunza peke yangu kwenye simu.

Sasa niambieni, lile lilikuwa somo gani? Mashine? Hapana. Lilikuwa uraia, lilikuwa lojiki, faida na mauzo ni vitu viwili, na lilikuwa lugha. Yote matatu ni yale mdogo wangu aliyotupa juu ya meza.

Tena si sisi tu wenye haya masomo. Mengine tulirithi kwa Wabelgiji tangu chuo kikuu cha Élisabethville kilipofunguliwa 1956. Marekani kule, chuo cha Columbia kilianza 1919 somo moja la lazima kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, linaendelea mpaka leo, wanakaa watu wachache mezani na mwalimu wanabishana. Si mamia, wachache. Na hapa jirani Dar es Salaam wana masomo ya maendeleo, wanaita DS, usomee udaktari usomee uhandisi utapita hapo. Hawa wote si wajinga.

Kuna wanaoogopa somo la uraia na nina wasiwasi wao kidogo. Baba yangu wakati wa Zaire uraia kwao ulikuwa kuimba na kucheza kwa ajili ya chama, wanatolewa darasani kwenda animasio, mpaka leo ukimwambia "uraia" anakunja uso. Ndiyo, somo hilo linaweza kugeuzwa ngoma ya mtu mmoja. Lakini Katiba ya 2006, kifungu cha 45, inalazimisha serikali kufundisha Katiba yenyewe na haki za binadamu, haisemi kufundisha jina la mtu. Na kifungu cha 142 kinasema kila sheria isambazwe kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, kabla siku 60 hazijapita tangu itiwe sahihi. Siku 60! Mi hiyo sheria ya migodi kwa Kiswahili sijaishika mkononi, kama iko mnitumie. Na nani ataitafsiri kama mtu wa sheria anamaliza miaka mitano bila hata saa moja ya kuandika Kiswahili, anasema "wee ni lugha ya soko"? Ni ya soko ndiyo, na sokoni ndiko walikojua tofauti ya mauzo na faida.

Ninachoomba si pesa nyingi. Kwenye zile kredi za lugha, wekeni Kiswahili huku mashariki na kusini, Lingala, Tshiluba na Kikongo kwao, na isiwe mashairi wala ngeli tu, iwe kumweleza mtu wa kawaida kazi unayosomea, daktari aeleze tensio, presha ya damu, mtu wa agronomi aeleze mbolea, injenia aeleze 0,3 bila kudanganya. Uraia kwa watu wa polytechnique uwe na ile kode, ile sheria ya migodi, mezani, kaye de sharje ya kweli, wagawane vikundi vya thelathini na maasistanti, wale wasaidizi wa maprofesa, wapo wengi wanakaa bila kazi wanangoja profesa afe. Na mkataze kabisa silabusi kuwa tiketi ya mtihani. Hilo la mwisho mnaweza kulifanya hata kesho asubuhi, barua moja tu, bandikeni kwenye valve, mbao za matangazo, za vyuo vyote.

Mdogo wangu nimemwambia asikimbie. Mtihani wa lojiki ni Jumanne, anakariri hapa pembeni yangu kwa taa ya simu, silabusi amelipia, na ukurasa wa 31 haumo, walisahau kuupiga kopi, CP amemjibu kwamba hata wengine hawana.

Mtoto wenu,
injenia mmoja wa Katuba, Lubumbashi