Jasho la mwezi wa saba

Dodoma, Julai

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Nimeona niandike, maana yale uliyonieleza kwenye simu siyo ya kuongea watoto wakiwa pembeni. Mara uone siku zako mara mbili mwezi mmoja, mara mwezi upite mtupu, na machozi kwa jambo dogo. Shoga, huko ni kuelekea kukoma hedhi, karibu. Mimi nilianza nikiwa na miaka 46.

Unaijua baridi ya Dodoma mwezi huu, na ule upepo wake. Baba Baraka amejifunika mablanketi mawili, mimi nafungua dirisha, khanga imelowa chapachapa. Duka la dawa la mtaani wakaniuzia dawa ya malaria mara mbili bila kunipima. Nikawaza hata mimba! Hiyo nilipima mwenyewe, kimyakimya.

Nesi mmoja mtu mzima ndiye aliyeniuliza habari za siku zangu. Akasema mayai yakielekea kuisha, homoni ya estrojeni huwa kama umeme wa mgao: sasa hivi umejaa, baadaye haupo. Ndiyo maana joto linapanda ghafla kifuani na usoni, usingizi unakatika, hasira zinakuja bila sababu. Hali hii inaweza kuchukua miaka kadhaa. Hedhi huhesabiwa imekoma ukimaliza miezi 12 mfululizo bila kuiona. Kabla ya hapo mimba inaingia, usiache uzazi wa mpango. Shangazi yangu alidhani amekoma. Kumbe ni kitinda mimba.

Mimi nimeacha chai ya rangi ya jioni na kupunguza pilipili, maana vilikuwa vinaniamsha joto. Natembea alfajiri. Maziwa na dagaa nakula kwa ajili ya mifupa, ambayo estrojeni ikipungua nayo hudhoofika. Baba Baraka nilimweleza wazi, na ugomvi ukapungua. Wapo wanaopewa tiba ya homoni, lakini hiyo ni ya daktari, usinunue kwa kuambiwa na jirani.

Ila hiyo damu yako ya mabonge, na pedi kulowa ndani ya saa moja, hapana. Nenda hospitali wiki hii, wapime wingi wa damu, waangalie na kizazi. Wakikwambia ni umri tu, omba vipimo vilevile.

Kutoka Kondoa siku hizi ni lami. Fikia kwangu, chumba cha Baraka kina dirisha kubwa.

Wako,
Mama Baraka