Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya Kamati Tendaji, ninawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wataalamu wa maabara za kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli. Sehemu kubwa ya mwaka ilikwenda kwenye mafunzo ya kutoa michirizi kwenye kromosomu kwa tripsini, kimeng'enya kinachomeng'enya protini, na rangi ya Giemsa, njia iliyochapishwa na Marina Seabright mwaka 1971, ambayo hadi leo hutuwezesha kuitambua kila kromosomu kati ya zile 46 kwa mpangilio wa mistari yake, badala ya kukisia kwa urefu na umbo.

Wengi wetu tuliijua Giemsa kwenye slaidi za malaria kabla ya kuikuta huku, na pengine ndiyo maana tunaichukulia kirahisi. Ugumu haumo kwenye rangi bali kwenye sekunde za tripsini: zikipungua, kromosomu hutoka nyeusi tupu, zikizidi, huvimba na kupauka, kingo zikachakaa. Katika zoezi moja nililolisimamia mwenyewe, slaidi zilizoandaliwa asubuhi ileile zilipewa muda uliozoeleka kwa slaidi zilizokaa siku kadhaa, zote zikaharibika. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo kila kundi hutanguliwa na slaidi moja ya majaribio.

Baadhi ya wanachama walipendekeza tuachane na michirizi, tubaki na probu zinazong'aa peke yake, yaani vipande vya DNA vinavyojishika kwenye jeni inayotafutwa na kuionyesha kwa mwanga. Kamati haikuafiki. Probu ya jeni ya MYC huonyesha upesi iwapo jeni hiyo imekatika, jambo la msingi katika limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda; lakini probu hujibu lile iliyoulizwa tu. Mwaka 1973 Janet Rowley alitambua, kwa kusoma michirizi, kwamba kipande kilichodhaniwa kupotea kwenye kromosomu ya Philadelphia, ile kromosomu ya 22 iliyofupika inayoonekana katika aina fulani ya saratani ya damu, kilikuwa kimehamia kwenye kromosomu ya 9, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatafuta.

Hesabu za chama zimekaguliwa na zimeambatishwa. Kamati inaomba idhini yenu ya kununua darubini moja ya mafunzo yenye vichwa viwili, ili mwanafunzi na mwalimu wautazame mstari uleule kwa wakati mmoja. Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina.

Mwenyekiti