Kituo cha polisi kwa hatifungani: wakazi waulizwe kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu wazo ambalo nimelisikia zaidi ya mara moja katika mazungumzo ya majirani huku Buhongwa, kwamba Mwanza ijenge kituo kipya cha polisi chenye mahabusu ya kisasa kwa fedha za hatifungani, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji ili walipwe baadaye pamoja na riba, badala ya kuendelea kusubiri bajeti ya Serikali au kupitisha daftari la michango nyumba kwa nyumba. Naliunga mkono, kwa sharti kwamba atakayelipa deni aulizwe kabla halijakopwa.

Wanaolitetea wazo hili hutoa mfano wa Tanga, na ni mfano mzuri. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya miaka 10 yenye riba ya asilimia 13.5, ikilenga kukusanya Sh53.12 bilioni, na wawekezaji wakaleta zaidi ya kiasi hicho. Lakini deni lile lina mlango wa kurudia. Maji yana ankara. Mteja akifungua bomba mita inasoma, na sehemu ya malipo yake inamfikia aliyekopesha. Kituo cha polisi hakina mita. Mahabusu haizalishi hata shilingi moja, na Mungu atuepushe na siku itakapotakiwa izalishe, kwa maana siku hiyo faini za barabarani zitageuka kuwa marejesho ya mkopo, na askari atapangiwa lengo la makusanyo kama mtoza ushuru sokoni.

Mlipaji basi ni mkazi mwenyewe. Tuchukue hesabu ya kukisia tu, kwamba zinakopwa Sh20 bilioni kwa riba ileile ya Tanga. Riba peke yake ni Sh2.7 bilioni kwa mwaka. Kodi ya jengo kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, ile tunayokatwa kwenye LUKU Sh1,500 kila mwezi, ni Sh18,000 kwa mwaka. Kwa hiyo riba hiyo ingemeza kodi ya mwaka mzima ya nyumba 150,000, kabla mkopo wenyewe haujaanza kupungua. Mpangaji wa Igogo anayenunua umeme wa elfu mbili naye yumo katika hesabu hiyo, ingawa nyumba si yake.

Ndiyo maana utaratibu wa Marekani unanivutia. Katika majimbo mengi ya huko, mji au kaunti ikitaka kukopa kwa dhamana ya kodi ya majengo ili kujenga kituo cha polisi au jela, swali huwekwa kwenye karatasi ya kura, likitaja kiasi cha fedha na kazi itakayofanywa. California inataka theluthi mbili ya wapiga kura wakubali hatifungani za aina hiyo za miji na kaunti, na mwaka 2024 wapiga kura wa jimbo hilo walikataa pendekezo la kushusha kiwango hicho hadi asilimia 55 kwa makazi ya bei nafuu na miundombinu ya umma. Kwetu, halmashauri ikitaka kukopa huomba kibali cha Waziri, na mkazi husikia habari baadaye.

Najua kwamba Jeshi la Polisi liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, wala si chini ya Jiji au Manispaa ya Ilemela. Hata hivyo, ibara ya 146 ya Katiba inazipa serikali za mitaa kazi ya kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi, na wazee wetu wa Usukuma walioanzisha sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawakungoja wizara iwatume.

Mimi nina sababu yangu ya kutaka jengo hili lijengwe. Mwaka juzi mtoto wa dada yangu, akiwa na umri wa miaka 16, alikamatwa pamoja na vijana wengine na kulala usiku mzima katika kituo ambacho sitakitaja, chumba kimoja na watu wazima, ndoo ya haja ikiwa pembeni. Hakufunguliwa shitaka lolote. Asubuhi mama yake alipomfikishia chai, hakuweza kumtazama usoni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka mtoto anayeshikiliwa atenganishwe na watu wazima, nami nilipomkumbusha askari wa zamu alinijibu kwa heshima, “Mzee wangu, ningemweka wapi?” Sikuwa na jibu, kwa sababu chumba kilikuwa kimoja kweli.

Kwa hiyo swali litakaloletwa kwetu lisiishie kwenye “kituo cha kisasa”. Litaje vyumba vya watoto na vya wanawake, vyoo vyenye maji, na ofisi ya Dawati la Jinsia na Watoto yenye mlango wake, ili aliyebakwa asipite mbele ya kaunta yenye watu kumi akieleza shida yake. Lieleze pia nani atalipia chakula cha mahabusu, umeme na mafuta ya magari, kwa kuwa fedha za hatifungani hujenga kuta tu, na jengo likikamilika gharama hizo huanza siku hiyohiyo.

Sheria haiwalazimishi madiwani kutuuliza, lakini pia haiwakatazi. Nawaomba wa Nyamagana na wa Ilemela walipeleke swali hilo, pamoja na kiasi cha mkopo, riba na miaka ya kulipa, katika mikutano ya mitaa yote kabla ya kuomba kibali, kura zihesabiwe mbele ya wakazi, na matokeo ya kila mtaa yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji.

Mkazi wa Buhongwa,
Mwanza.