Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kumfadhili Mtoto Mpaka Amalize Shule

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama kwa mwaka unaomalizika. Mapato na matumizi yamo katika taarifa ya mweka hazina ambayo mmekwisha kugawiwa, kwa hiyo sitayarudia. Nitazungumzia jambo ambalo kamati imelijadili kuliko mengine yote, nalo ni kudumu katika ufadhili tuliouahidi.

Mtakumbuka kwamba katika vikao vyetu vya mwaka huu tulijifunza maisha ya Padre Aloysius Schwartz, mmisionari aliyezaliwa Washington, Marekani, mwaka 1930. Alipata upadre mwaka 1957, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amekwisha kufika Busan, Korea Kusini, mji uliokuwa bado umefurika wakimbizi wa vita iliyosimama mwaka 1953, wengi wao wakiishi katika vibanda vya mabanzi. Homa ya ini ilimrudisha kwao kwa muda, naye muda huo aliutumia kuwaombea misaada maskini aliowaacha. Mwaka 1961 alianzisha shirika la kukusanya michango kwa njia ya barua. Wanawake wa Busan walilipwa ujira kutarizi leso, na leso hizo zikatiwa ndani ya barua zilizopelekwa Marekani kwa watu wa kawaida, ambao walijibu kwa kutuma walichojaliwa. Naomba tulitafakari hilo. Mama aliyekuwa akisaidiwa alikuwa pia mfanyakazi anayelipwa kwa kazi yake, na mchangiaji alishika mkononi kitu kilichotariziwa na mtu ambaye vinginevyo angebaki jina tu kwenye karatasi. Binafsi naiona hekima ya padre huyu hapo kuliko hata katika majengo makubwa aliyokuja kuyajenga baadaye.

Mwaka 1964 alianzisha Shirika la Masista wa Maria, na kupitia kwao zikajengwa shule za bweni kwa watoto wa familia maskini kabisa, kwanza Korea, kisha Ufilipino na Mexico. Alishikilia kwamba maskini hastahili kupewa makombo, bali elimu, malezi na ufundi wa kiwango ambacho mwenye nacho angemtakia mwanawe. Mwaka 1983 alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay, tuzo kubwa ya barani Asia kwa wanaowatumikia watu. Mwaka 1989 madaktari walimgundua na ugonjwa usiotibika unaodhoofisha misuli hatua kwa hatua, lakini aliendelea kuisimamia kazi yake akiwa kwenye kiti cha magurudumu, hadi alipofariki Manila tarehe 16 Machi 1992. Masista wake leo wanalea wasichana hapa jirani yetu, Kisarawe. Padre mwenyewe alidumu zaidi ya miaka 30 katika ahadi ileile, na nusu yetu humu ndani, Wakristo kwa Waislamu, tulikiri kikaoni kwamba hilo ndilo lililotugusa.

Sasa nije kwetu. Wapo wanachama wanaouliza kwa nini tuendelee kufadhili wakati ada imefutwa katika shule za serikali, tangu mwaka 2016 hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 kwa kidato cha tano na cha sita. Swali ni la haki, na jibu lake liko kituo cha daladala. Chukueni mfano wa msichana anayeishi Chamazi na kusoma Temeke. Anapanda gari la kwanza hadi Mbagala Rangi Tatu, anaunganisha la pili, na jioni anarudi vivyo hivyo. Kwa nauli ya mwanafunzi ya shilingi 200, hiyo ni shilingi 800 kwa siku, na kwa siku 194 za masomo ni shilingi 155,200 kwa mwaka, kabla hajanunua daftari, sare, viatu wala chakula cha mchana. Mama yake akiuza vitumbua na siku hiyo mvua ikanyesha, binti hulipa safari moja na nyingine hutembea kwa miguu, akaingia darasani kipindi cha kwanza kimekwisha. Viatu vyake huisha visigino upande mmoja, na walezi wetu wa mitaa wamejifunza kuviangalia viatu kabla ya kuuliza maswali.

Mtoto wa namna hiyo hasaidiwi na mfadhili wa muhula mmoja. Mwaka huu baadhi ya ahadi zilikatika katikati, nyingine kwa sababu biashara imeyumba, nyingine kwa kustaafu au msiba. Hatumlaumu aliyeishiwa. Kinachoumiza ni ukimya, kwa sababu mlezi hupata habari siku mtoto anapoacha kuonekana shuleni, na kumrudisha mtoto aliyekwisha kukata tamaa ni kazi ngumu mara kumi kuliko kumlipia nauli.

Kuhusu picha, kamati imekwisha kuagiza kwamba picha za watoto zisirushwe kwenye makundi ya WhatsApp. Barua zao zitaendelea kuwafikia wafadhili kupitia kwa katibu, na nawasihi mzijibu, hata kwa mistari mitatu, kwani watoto huzitunza ndani ya madaftari yao.

Kamati inaleta mapendekezo yafuatayo myajadili na kuyapigia kura. Kila mtoto awe na wafadhili wawili au watatu badala ya mmoja, ili mmoja akikwama wenzake wamshike mkono. Ahadi iandikwe kwa hatua nzima ya masomo, yaani hadi kidato cha nne au hadi amalize ufundi, na anayelazimika kujitoa atoe taarifa muhula mmoja kabla. Aidha, kina mama wa watoto wetu wanaojua kushona wapewe kandarasi ya sare tunazonunua, kwa bei ileile tunayolipa madukani.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti,
Dar es Salaam