Walimu wa karate, miguu kwanza mateke baadaye

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na walimu wa karate wa hapa Lamu. Vijana wetu wanafundishwa teke la kichwa kabla hawajajua kusogea. Teke linapaa vizuri, watazamaji wanashangilia, ila mpigaji akishatua anayumba, na akifuatwa anarudi nyuma huku miguu ikipishana.

Mkao wenyewe si mgumu. Miguu iachane kwa upana wa mabega, mmoja mbele, magoti yalegee, kisigino cha nyuma kiinuke kidogo tu. Ukienda mbele, mguu wa mbele utangulie na wa nyuma ufuate kwa kadiri ile ile. Ukirudi, wa nyuma ndio uanze. Kushoto, wa kushoto. Kulia, wa kulia. Hatua isizidi urefu wa unyayo. Miguu ikikutana au ikipishana, hata kusukumwa kwa kiganja kunatosha kumwangusha mtu.

Kosa jingine ni kurudi nyuma moja kwa moja. Uwanja wa kumite, yaani pambano la karate la wawili, ni mita 8 kwa 8, kwa hiyo kutoka katikati hadi mstarini ni mita 4 tu, na kutoka nje kuna adhabu. Afadhali hatua moja ya mshazari, kisha ugeukie ubavu wa mpinzani.

Sasa mchanga. Mchanga mkavu wa ufuko wa Shela unapendwa kwa mazoezi kwa kuwa unachosha mapaja, na kwa kukimbia sina neno nao. Lakini teke la kuzungusha linataka unyayo wa mguu uliosimama ugeuke, kisigino kielekee kwa mpinzani. Mguu uliozama haugeuki. Nyonga inazunguka, goti linabaki limebanwa katikati, na kano zake ndizo zinazoumia. Teke hilo lifanyiwe kwenye mkeka au sakafuni.

Mazoezi ya hatua, kinyume chake, yanafaa sana ufukweni maji yakipwa, mchanga ukiwa umeloa na kushikana. Mwanafunzi aende hatua 10 mbele na 10 nyuma, miguu mitupu, kisha mwalimu arudi naye wasome nyayo. Mfereji nyuma ya alama maana yake anaburuta mguu. Shimo la kisigino likiwa refu kuliko la vidole, uzito umelala nyuma na atachelewa kuondoka. Alama zikianza vizuri kisha zikakaribiana mwishoni, huyo anakutanisha miguu akichoka. Na kuchoka ndiko kunakomkuta kila mtu mashindanoni.

Wanaodhani haya ni mambo ya kigeni wakatazame kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo, wakati wa Maulidi. Wenye fimbo wanazungukana kwanza, ngoma ikiwaongoza hatua, na fimbo inakuja baadaye.

Napendekeza dakika 20 za mwanzo wa kila zoezi ziwe za miguu. Raundi 3 za dakika 2 wawili wawili, mikono imeshika mkanda, bila ngumi wala teke: mmoja anasogea atakavyo, mwenzake anatunza masafa yale yale. Zinazobaki ni za hatua za mshazari na kugeuka. Mwenye mkanda mweupe, yaani anayeanza, asifundishwe teke la kichwa mpaka amalize raundi zote 3 bila kupishanisha miguu.

Mwalimu wa karate,
Langoni, Lamu